Jina la Mtambo na Jina la Fundi: Uhakiki wa Lugha ya Alama za Vifaa katika Viwanda Vikubwa

Matini zinazohakikiwa katika taaluma ya Kiswahili aghalabu ni zile zenye mwandishi anayejulikana: riwaya, utenzi, tamthilia, pengine kamusi. Zipo hata hivyo matini nyingine ambazo husomwa kila siku ya kazi, na ambazo kosa la kuzisoma huweza kumgharimu msomaji maisha yake. Hizo ni alama zilizochongwa au kuandikwa kwenye vibati vya pampu, vali, swichi, transfoma na vyombo vya kupimia katika viwanda vikubwa. Kila alama ni jina. Majina hayo kwa pamoja ni mfumo wenye kanuni za maumbo na kanuni za mpangilio, yaani ni lugha, au angalau ni kipande cha lugha. Makala haya yanauhakiki mfumo huo kama kazi ya lugha, na yanautazama kutoka Katana, kaskazini ya Bukavu, mahali ambapo Mashi, Kiswahili na Kifaransa hukutana katika kazi moja na mara nyingi katika sentensi moja.

Hoja inayotetewa humu ni kwamba waliobuni mifumo ya kisasa ya kuvipa vifaa majina walilielewa vizuri jicho la msomaji, wakalisahau sikio lake. Walichokielewa kinastahili sifa, na mwanafunzi wa isimu ana mengi ya kujifunza humo. Walichokisahau si jambo dogo, hasa kwa watu wanaofanya kazi kwa lugha tatu.

Kabla ya kuendelea hapana budi kusema neno kuhusu istilahi. Neno "lebo" limezoeleka, lakini lebo ni ile ya chupa; hubandikwa na hubanduka. "Kitambulisho" siku hizi ni kadi ya mtu. "Nambari" haitoshi, maana alama nyingi zina herufi zaidi ya tarakimu. Katika makala haya "alama" ni jina lenyewe, na "kibati" ni kile kipande cha chuma au plastiki kinachobeba jina hilo. Tofauti hii si ya kujitia utaalamu. Alama huzaliwa kwenye mchoro wa mhandisi, miaka kadhaa pengine kabla ya kifaa kununuliwa. Kibati huja baadaye. Kibati huweza kuanguka, kupakwa rangi, au kuliwa na kutu, na alama ikabaki ilivyo katika michoro na madaftari. Aliyemsoma Ferdinand de Saussure hatashangaa.

Kiti na mwenye kiti

Mfumo mmoja mashuhuri ni KKS, uliotungwa Ujerumani katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mitambo ya kuzalisha umeme. Mwingine, ulio mpana zaidi, ni kiwango cha kimataifa ISO/IEC 81346, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2009. Mafundi wa vyombo vya kupimia nao wana kiwango cha Kimarekani ISA-5.1, chenye mizizi yake katika mwaka 1949. Mifumo hii inatofautiana katika mengi, lakini inakutana katika wazo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la ajabu: alama ya msingi haikipi jina kifaa, bali huipa jina nafasi ambayo kifaa hicho kinaitumikia.

Ifikiriwe pampu iliyoungua. Mafundi wanaifungua, wanaipeleka karakana, na mahali pake wanaweka nyingine iliyotoka stoo. Je, jina linakwenda na pampu iliyoungua au linabaki pale ilipokuwa? Mtu asiyezoea atajibu kuwa linakwenda, maana jina la Juma humfuata Juma popote aendapo. Mifumo iliyotajwa hujibu kinyume. Alama hubaki, na pampu mpya huirithi. Pampu iliyoungua inaondoka na namba yake nyingine, ile iliyopigwa kiwandani ilikotengenezwa, ambayo haitapewa pampu nyingine. Kwa hiyo kuna majina mawili yenye maisha mawili.

Msomaji wa Bushi hana haja ya maelezo marefu hapa. Mwami akifariki, ubwami haufi pamoja naye. Mwingine hukalia kiti, na habari za kiti ni historia moja ilhali habari za kila mwami aliyekikalia ni historia nyingine. Anayezichanganya historia hizo mbili hawezi tena kujua ni lipi lililotokana na mtu na lipi lililotokana na cheo. Ndivyo ilivyo kwa pampu. Ikiwa daftari la kiti linaonyesha kwamba pampu tatu zimekufa pale pale katika muda mfupi, kosa si la pampu; pengine bomba limepinda, au msingi unatikisika, au maji yanaingia na mchanga. Ikiwa daftari la pampu linaonyesha kwamba pampu ile ile imeharibika katika kila kiti ilichokalia, kosa ni la pampu. Daftari linaloandika yote mawili chini ya jina moja halijibu swali lolote kati ya hayo mawili, na msimamizi atanunua pampu ya nne.

Hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mifumo hii, na ndilo linaloharibiwa kirahisi zaidi. Kibati kikifungwa kwenye mwili wa pampu, kitakwenda nayo karakana, na kitarudi kikiwa kimefungwa kwenye kiti kingine. Chema ni kukifunga kwenye msingi au kwenye ukuta, mahali pasipohama. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa nyingi za kanuni.

Wala si lazima kwenda Ujerumani kuona hekima ya majina mawili. Lwiro, jirani ya Katana, ambako IRSAC iliyoundwa mwaka 1947 ilijenga kituo chake cha utafiti, kituo ambacho leo ni CRSN, kuna hazina ya mimea iliyokaushwa, inayotambulika duniani kwa herufi LWI. Katika hazina za namna hiyo kila kielelezo kina jina la kisayansi na pia namba ya mkusanyaji. Jina la kisayansi hubadilika kila wataalamu wanapobadili mawazo kuhusu undugu wa mimea, namba haibadiliki. Mtu anayetafuta kielelezo kilichotajwa katika maandishi ya miaka sitini iliyopita hukipata kwa namba, si kwa jina. Wanabotania walijua siku nyingi kwamba jina linaloeleza na jina linaloshikilia ni kazi mbili tofauti, na kwamba ni hatari kuzitwika neno moja.

Sarufi ya alama

Upande wa maumbo, alama za KKS zitampendeza kila mwanafunzi wa Kiswahili, maana ni lugha ambishi bishi kwelikweli. Alama kama LAC10AP001 ina nafasi maalumu kwa kila kiambajengo. Herufi tatu za mwanzo zinataja mfumo: L ni jamii ya mivuke na maji, LA ni maji ya kulishia boila, LAC ni pampu za maji hayo. Tarakimu zinazofuata zinatenga mkondo mmoja na mwingine. AP ni pampu. Kama ingekuwa vali ingeandikwa AA. Mwisho huja namba ya kifaa chenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kutanguliza cha nyuma, kama vile hakuna Mswahili anayeruhusiwa kutanguliza kiambishi cha njeo mbele ya kiambishi cha nafsi.

Kiwango cha ISA nacho kina uzuri wake. Herufi ya kwanza hutaja kinachopimwa: P ni presha, T ni joto, F ni mtiririko, L ni kimo cha kimiminika. Herufi zinazofuata hutaja kazi ya chombo: I huonyesha, C hurekebisha, T hupeleka ishara. Kwa hiyo katika alama TT herufi ile ile ina maana mbili kwa sababu ya nafasi mbili: T ya kwanza ni joto, T ya pili ni upelekaji wa ishara. Mwanafunzi anayelalamika kwamba huo ni utata akumbushwe neno "anapika". A ya mwanzo ni nafsi ya tatu, a ya mwisho ni kiishio, na hakuna mtoto wa miaka minne anayezichanganya.

ISO/IEC 81346 unakwenda mbali zaidi kwa kukubali kwamba kitu kimoja huangaliwa kwa pande tatu, na kila upande una ishara yake: = kwa kazi kinayoifanya, - kwa kitu chenyewe kama kilivyoundwa, + kwa mahali kilipo. Hapa Kiswahili kina neno la kusema. Mahali katika Kiswahili si pamoja: kuna pa, kuna ku, kuna mu. Fundi anayeambiwa "kipimo kipo tangini" atauliza bila kukusudia: kipo pale penye tangi, au kimo mle ndani? Ishara + peke yake haijibu. Jibu litategemea jinsi mwenye mtambo alivyogawanya mahali kuwa sehemu ndogo ndogo. Huu si upungufu mkubwa, kwa kuwa mfumo unaruhusu mgawanyo huo. Inatosha kuona kwamba lugha ya Kibantu ilikwisha kuona haja ambayo kanuni ilimwachia mtumiaji.

Jicho lilitunzwa, sikio liliachwa

Watungaji wa KKS waliona kwamba herufi I hufanana na tarakimu 1, na herufi O hufanana na sifuri, wakaziondoa zote mbili. Uamuzi huo ni wa busara, na unaonyesha kwamba walimfikiria mtu aliyesimama mbele ya kibati chenye mafuta na vumbi. Lakini mtu huyo hasomi tu. Husema. Huita chumba cha usimamizi kwa redio au simu, hutamka alama, na mwenzake huisikia katikati ya mngurumo wa mashine. Kwa safari hiyo ya kutoka kinywani hadi sikioni kanuni hazikuandaa chochote.

Ruzizi ni mfano ulio karibu. Umeme wa Bukavu unatoka kwenye mto huo. Mtambo wa Ruzizi I ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo uko chini ya SNEL. Ruzizi II, wenye uwezo wa karibu megawati 44, ulianza 1989 chini ya SINELAC, shirika la nchi tatu lililoundwa na Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi ndani ya jumuiya ya CEPGL. Tangu mwanzo, basi, ni mtambo ambao umeme wake unahusu watu wa nchi tatu. Kwa muda mrefu Kifaransa kiliwaunganisha wasomi wao. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza, na kizazi cha wahandisi waliosoma baada ya hapo hutaja herufi kwa majina mengine.

Matokeo yake yanaweza kupimwa mezani na mwanafunzi yeyote wa fonetiki. Aliyesoma kwa Kifaransa huiita herufi J kwa sauti iliyo karibu na "ji". Aliyesoma kwa Kiingereza huiita G kwa sauti hiyo hiyo. Wa kwanza huiita G kwa sauti iliyo karibu na "je". Wa pili atasikia J yake. Sauti "i" ni herufi I kwa wa kwanza, na vilevile kwa Mswahili anayetaja alfabeti yake. Kwa wa pili ni E. Watu wawili walio na akili timamu, kila mmoja akitamka sawasawa kwa mujibu wa shule yake, wanaweza kutajiana swichi mbili tofauti na kuthibitishiana kwamba wameelewana. Kosa la namna hii halionekani katika maandishi, na uchunguzi wa baadaye unaosoma makaratasi peke yake hautalikuta.

Tarakimu nazo zina mtego, na mtego huu ni wa Kiswahili hasa. Katika Kiswahili 6 ni sita na 9 ni tisa. Silabi si ta na ti sa zinatofautiana kwa kubadilishana konsonanti tu. Katika chumba chenye kelele, ambapo konsonanti hupotea kwanza na irabu hubaki, yote mawili ni i-a. Na kwa bahati mbaya ile tarakimu yenyewe, kibati kikipinduka kwa kulegea msumari mmoja, 6 inakuwa 9. Jicho na sikio vinakosea katika jozi ile ile. Sehemu nyingine hupiga mstari chini ya 6 na 9 kwenye kibati, nayo ni desturi njema. Hakuna desturi kama hiyo kwa sauti. Huenda ndiyo sababu moja ya wafanyakazi wengi wa Kivu kutaja namba kwa Kifaransa hata wanapozungumza Kiswahili, ingawa sababu za kishule na za kihistoria zina uzito zaidi, na ingekuwa ni kujidanganya kudai vinginevyo.

Dawa ya herufi inajulikana. Marubani wa ndege za kimataifa wamekuwa na alfabeti ya maneno tangu 1956, ile inayoanza na Alfa na Bravo, ambayo maneno yake yalichaguliwa baada ya kuwajaribu wasemaji wa lugha mbalimbali. Kiwanda kinachotaka alfabeti ya Kiswahili kinaweza kujitungia: G ya Goma, J ya jiwe. Ila itungwe mara moja, iandikwe, ifundishwe. Kila zamu ikijitungia yake, tatizo litakuwa limeongezwa.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo mwanaisimu ndiye hasa wa kulisema. Lugha za watu zina ziada. "Vile vibati viwili vimeanguka": alama ya ngeli imetajwa mara nne. Anayekosa kuisikia mara moja bado ana tatu, na anayesikia "vile kibati" anajua mara moja kuwa kuna kosa. Upatanisho wa kisarufi, ambao wageni wanaojifunza Kiswahili huuona kama mzigo, ni bima. Alama za viwandani hazina bima hiyo. Ukikosea herufi moja au tarakimu moja, mara nyingi utapata alama nyingine iliyo halali kabisa, ya kifaa kingine kilicho kizima kabisa, na hakuna kitakachokuambia kwamba umekosea. Wala si kwamba dawa haikujulikana. Makontena yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam na kuletwa Kivu kwa malori yana alama ya ISO 6346: herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho inayotokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili kosa ligunduliwe. Vitabu navyo vina tarakimu kama hiyo katika ISBN. Kwa hiyo sanduku lililobeba pampu lina kinga dhidi ya kosa la uandishi, na pampu iliyomo, ikishafungwa mahali pake, haina.

Atakayeona kwamba haya ni mambo ya karatasi na asome habari za Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi wa Bahari ya Kaskazini. Tarehe 6 Julai 1988 vali ya usalama ya pampu moja iliondolewa kwa matengenezo, na mdomo wa bomba ukafunikwa kwa kifuniko cha chuma. Matengenezo ya pampu yenyewe yalikuwa na kibali chake, na kazi ya vali ilikuwa na kibali kingine. Usiku pampu ya pili iliposimama, wa zamu walijua habari za kibali cha pampu, hawakujua habari za kibali cha vali, wakaiwasha. Watu 167 walikufa. Uchunguzi wa jaji Cullen, uliotolewa 1990, uligusa mengi, na si haki kusema alama ndizo zilizoua. Lakini katika lugha ya uhakiki linaweza kusemwa hivi: majina mawili yaliyohusiana kwa chuma hayakuhusiana kwa maandishi. Pampu haikuitaja vali yake. Huko Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, kasoro ilikuwa ya namna nyingine, karibu ya kuchekesha kama isingekuwa ya kutisha: vali mbili za maji ya dharura zilikuwa zimefungwa, na taa moja iliyopaswa kuwaonyesha wasimamizi hali hiyo ilikuwa imefunikwa na kibandiko cha matengenezo. Kibandiko kiliwekwa kutoa habari, kikaficha habari.

Majina ya karakana

Mfumo rasmi unaposhindwa kutamkika, wafanyakazi hujitungia mwingine. Hili hutokea katika kila kiwanda, katika kila lugha, na hakuna kanuni iliyolizuia. Pampu iliyo na alama ya herufi na tarakimu kumi itaitwa "ile ya mtoni" au "ile ndogo ya nyuma". Fundi mzee huijua kwa sauti yake. Majina haya yana sifa zote ambazo alama hazina: hutamkika, hukumbukika, hustahimili kelele. Yana kasoro moja tu, nayo ni kubwa, kwamba hayamo katika daftari. Fundi akistaafu au akihama, jina huondoka naye, na pamoja na jina huondoka yote aliyoyajua kuhusu kile kifaa.

Yapasa kukumbuka pia kwamba Kiswahili cha karakana za Kivu si kile cha kamusi za pwani. Fundi wa Dar es Salaam hutumia spana na bisibisi. Wa Bukavu hutumia kle na turnevisi. Wa kwanza hufunga vali, wa pili hufunga vane. Katika miongo ya 1970 na 1980 TUKI na BAKITA zilifanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha istilahi, na matunda yake, kama vile kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya 1990, yameisaidia shule. Lakini istilahi zile zilitungwa kwa ajili ya darasa, zikiyatazama maneno ya Kiingereza. Karakana ya Kongo, iliyokopa kutoka Kifaransa, haikuwa mbele ya macho ya waundaji. Si kosa lao kuwa na mipaka. Litakuwa kosa la leo kuzipeleka istilahi hizo Katana kama amri, na kumwambia fundi kwamba vane yake si Kiswahili.

Mkosoaji wa haki atawagusa wahandisi pia. Mradi wa CFIHOS, ulioanza 2012 kutokana na kanuni za ndani za kampuni ya Shell na ambao sasa unasimamiwa na IOGP, unaeleza ni habari gani mjenzi wa mtambo anapaswa kumkabidhi mwenye mtambo, kwa aina gani ya kifaa, na kwa majina gani ya aina hizo. Lengo ni jema: kuzuia makabidhiano ya makasha ya karatasi ambazo hakuna anayejua zinahusu nini. Hata hivyo katika mawazo ya namna hiyo habari hutoka kwa mjenzi kwenda kwa mwenye mali, na fundi huonekana kama mpokeaji. Safu moja tu katika daftari la vifaa, yenye kichwa "huitwaje hapa", ingemfanya kuwa mtoaji. Safu hiyo isingegharimu chochote cha kutajika. Ingehitaji mtu wa kwenda kuuliza, na mtu huyo ni lazima ajue Kiswahili cha mahali pale, ajue Mashi kidogo, na ajue kuandika neno jinsi linavyotamkwa badala ya jinsi anavyodhani lingepaswa kutamkwa.

Kivu inajua gharama ya makabidhiano yasiyo na daftari. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua za kuwapa raia wa Zaire biashara na mashamba ya wageni. Ulikuwa uamuzi wa siasa na wa uchumi, na matokeo yake yamejadiliwa kwingine. Kwa upande wa lugha una fundisho dogo: mali ambayo majina yake yamo katika kichwa cha mtu mmoja haiwezi kukabidhiwa, hata kama funguo zimekabidhiwa.

Majina yanayooza

Limebaki jambo la mahali. Ni jambo la kuvutia kuweka jina la mji au la kampuni ndani ya alama, maana linasaidia kukumbuka. Historia ya Kongo inashauri vingine. Bukavu iliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ikageuka Gécomin na kisha Gécamines. Kivu moja iligawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema mwaka 1988. Nchi yenyewe ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Kifaa kilichofungwa vizuri kinaweza kuishi kupita majina hayo yote, na kikibeba moja kati ya hayo kitakuwa na alama ambayo kijana aliyezaliwa jana haisomi.

Hata pasipo mabadiliko ya siasa, tahajia peke yake inatosha kuleta matata. Mto ulio chini ya Bukavu huandikwa Ruzizi upande wa Kongo, na Rusizi upande wa Rwanda na Burundi. Katana imo katika eneo la Irhambi, lakini wasiozoea tahajia ya Mashi yenye rh huandika Irambi. Murhesa nayo huandikwa Muresa. Kwa binadamu ni mahali pale pale. Kwa programu ya kompyuta iliyoagizwa kutafuta herufi kwa herufi ni mahali pawili, na kifaa kilichoandikwa kwa tahajia moja hakipatikani kwa nyingine. Mwenye daftari atadhani hakipo, ataagiza kingine, na stoo itakuwa na viwili huku mtambo umesimama ukisubiri.

Mradi wa Ruzizi III, uliopangwa kuzalisha megawati 206 kwa ajili ya nchi zile zile tatu, ni nafasi ambayo wanaisimu wa Bukavu hawana budi kuifikiria kwa uzito. Alama za mtambo huandikwa mapema, kwenye michoro. Baada ya hapo jina lile lile hunakiliwa kwenye orodha ya nyaya, kwenye karatasi za kila kifaa, katika daftari la stoo, kwenye vioo vya chumba cha usimamizi, katika vibali vya kazi na mwishowe kwenye kibati. Na kubadilisha alama moja ni kuipekua katika sehemu zote hizo bila kuisahau hata moja. Kwa hiyo maswali ya sikio huulizwa wakati kalamu bado iko mkononi au hayaulizwi kabisa. Nani atatamka alama hizi, kwa lugha gani, kwa nani? Herufi J na G zitakuwa na kazi gani, na je, zinaweza kukaa katika mifumo isiyokaribiana, ili mmoja akichukuliwa kwa mwingine kosa lijulikane papo hapo? Mashine zikihesabiwa, ya sita na ya tisa zitakuwa jirani katika ukumbi mmoja?